Dijkstra na Reli ya Njia Moja

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na ni ya njia moja. Treni inayotoka Korogwe na ile inayotoka Tanga haziwezi kuingia kipande kimoja kwa pamoja; moja lazima isubiri stesheni mpaka ipewe ishara. Jamaa aliyepeleka wazo hili ndani ya kompyuta ni Mholanzi, Edsger Dijkstra, na naona hata sisi wa Ualimu tunapaswa kumjua.

Alizaliwa Rotterdam mwaka 1930, baba mkemia, mama mwanahisabati. Alisoma fizikia Leiden, lakini tangu 1952 alikuwa akiandika programu Amsterdam. Alipooa mwaka 1957, maofisa walikataa kuandika kwenye cheti cha ndoa kwamba kazi yake ni kuandika programu. Kwao hiyo haikuwa kazi! Ikabidi aandikwe mwanafizikia.

Mwaka 1962 akawa profesa wa hisabati Eindhoven. Kompyuta sasa zilianza kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, zote zikigusa data ileile. Hapo ndipo penye balaa. Chukua mfuko wa darasa wenye sh. 50,000. Waweka hazina wawili wanasoma salio kwa pamoja. Mmoja anapokea 10,000, anaandika 60,000. Mwenzake anapokea 5,000, anajumlisha kwenye ile 50,000 aliyoisoma, anaandika 55,000. Elfu kumi imeyeyuka kwenye daftari, na mwizi hayupo. Hapo mtalaumiana mpaka mhitimu.

Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha njia ya kuhakikisha programu moja tu inaingia kwa zamu. Tatizo, inayosubiri ilikuwa ikiuliza tena na tena kama nafasi imepatikana, na kuuliza huko kunakula muda wa kompyuta. Dawa yake ni semafori, jina la mlingoti wa ishara wa reli. Yenyewe ni namba tu, yenye foleni. Anayeingia anaipunguza, kama hakuna nafasi, analala. Anayetoka anaiongeza na kumwamsha mmoja. Aliyelala hali muda wa mtu. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo.

Tuzo ya Turing aliipata 1972, na mwaka 1984 akahamia Austin, Texas. Cha ajabu, maandiko yake, zaidi ya 1,300, mengi aliyaandika kwa kalamu ya wino, akayatoa nakala na kuwatumia wenzake kwa posta. Alifariki Nuenen, Uholanzi, Agosti 2002. Simu ya Android inaendeshwa juu ya Linux, na ndani ya Linux semafori bado zimo.