EDWARD SAIDI TINGATINGA: MCHORAJI WA RANGI CHACHE



Ukitoka Endabash ukafika Karatu mjini, tembea polepole kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Madukani utaona picha za twiga, chui, tembo na ndege. Rangi zake zinang'aa kama baiskeli mpya. Picha hizo huitwa Tingatinga.

Sisi wakulima tukisikia tingatinga, tunafikiri habari za trekta. Lakini picha hizo zilipata jina kutoka kwa mtu. Hebu tusome habari za maisha yake.

Kutoka Tunduru hadi Dar es Salaam

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alisoma madarasa machache tu. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za nyumbani na za bustani.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakuwa na rangi za wachoraji, maana ni ghali. Alitumia rangi ya mafuta, ile ipakwayo milango na baiskeli. Badala ya kitambaa alitumia vipande vya mraba vya hadibodi. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores. Wanunuzi wengi walikuwa wageni.

Mara nyingi alipaka ubao mzima rangi moja kwanza. Juu yake alichora mnyama mmoja mkubwa. Kisha alimpamba kwa madoa na mistari.

Makopo machache, rangi nyingi

Mtu mwenye makopo machache ya rangi lazima ajue kazi ya kila moja. Rangi tatu ni mama wa nyingine: nyekundu, njano na buluu.

Njano na buluu huzaa kijani.
Nyekundu na njano huzaa rangi ya chungwa.
Nyekundu na buluu huzaa zambarau.
Ukichanganya zote tatu, utapata rangi ya udongo.

Ukitia nyeupe, rangi hufifia. Nyekundu na nyeupe huwa waridi. Ukitia nyeusi, rangi hukoza. Lakini uwe mwangalifu. Rangi iliyokoza huimeza upesi ile iliyofifia. Kwa hiyo anza na iliyofifia, kisha ongeza iliyokoza tone kwa tone. Ukianza na nyeusi, utamaliza kopo zima la nyeupe bila kupata unachotaka.

Kupanga rangi nako ni kazi. Tazama mche wa mahindi unapochipua shambani Endabash. Kijani chake huonekana tangu mbali, kwa sababu kimekaa juu ya udongo mwekundu. Rangi hizo mbili hupeana nguvu. Ndivyo ilivyo pia kwa buluu na chungwa, na kwa njano na zambarau. Chui wa njano juu ya ubao mweupe hufifia. Juu ya ubao uliokoza anaonekana wazi.

Jambo jingine ni subira. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Ukiweka doa jeusi juu ya njano mbichi, zote mbili zitachafuka. Acha ya chini ikauke kwanza.

Kifo chake

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku, mjini Dar es Salaam. Polisi walimdhania kuwa mhalifu, wakampiga risasi kwa makosa. Akafa. Umri wake ulikuwa kama miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu.

Kazi yake ingeweza kufa pamoja naye. Haikufa, kwa sababu hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa zake. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, Omari Amonde na January Linda. Wao wakaendelea, na wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama chao cha ushirika Dar es Salaam.

Leo picha za namna hii huchorwa na watu wengi, na zinafika nchi za mbali. Wengi wa wachoraji hao hawakumwona Tingatinga kwa macho. Fedha alizopata zilikwisha zamani. Ujuzi aliougawa ungali unalisha watu.

Maswali

1. Kwa nini Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli?
2. Unataka kupaka mlango wako kijani, lakini huna rangi hiyo. Utachanganya rangi gani?
3. Kwa nini mche wa mahindi huonekana wazi juu ya udongo mwekundu?
4. Wewe una ujuzi gani? Umemfundisha nani?