Jeevanjee, Aliyewalisha Wajenzi wa Reli

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mgeni huvutwa kwanza na vichwa vikubwa vya gari la moshi, kisha na behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi, aliuawa na simba pale Kima mwaka 1900. Simba huyo amesimuliwa mno. Lakini reli haikujilaza yenyewe kutoka Mombasa hadi ziwani. Ililazwa na watu, na watu hao walitaka chakula kila siku. Mmoja wa waliobeba dhamana hiyo ni marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, mtoto wa Kibohora asiyerithi mali. Alifika Mombasa mwaka 1890, akaanza biashara. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, alipata kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia posho. Baadaye akajenga na majumba. Makuli zaidi ya 30,000 waliletwa kwa kazi ile. Kabla ya reli kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901, wapatao 2,500 walikuwa wamekwisha kufa. Haki inatutaka tuyaseme yote mawili: jasho la makuli ndilo lililomtajirisha tajiri wetu, na wengi wao walirejea kwao mikono mitupu.

Hata hivyo, hakuikalia mali yake. Mwanzoni mwa karne alianzisha hapa Mombasa gazeti la African Standard, ambalo baada ya kuliuza liliendelea kukua hata likawa The Standard la leo. Mwaka 1906 aliupa mji wa Nairobi bustani ambayo mpaka sasa inaitwa kwa jina lake.

Ndipo yakamfika yaliyowafika wenziwe. Reli ilikuwa imefungua nyanda za juu, na serikali ikazitenga kwa ajili ya Wazungu. Mtu aliyewalisha wajenzi wa njia hakuruhusiwa kununua shamba kule njia ilikopita. Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo, naye akataka awepo. Ilipofika 1910 alikuwa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, peke yake kati ya walowezi na maafisa. Mwaka huo huo alikwenda London kulalamika mbele ya wakubwa wa dola. Na mwaka 1914, Wahindi wa Afrika Mashariki walipounda chama chao cha Congress mjini Mombasa, walimfanya rais wa kwanza. Ni kweli kwamba alitetea zaidi jamaa zake kuliko wenyeji walionyang'anywa ardhi hiyo. Lakini mlango alioubisha ni ule ule waliokuja kuubisha wengine baadaye.

Alifariki mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Mwaka 1991 palizuka mpango wa kujenga majumba ya biashara juu ya bustani yake. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani, na mpango ukashindwa. Basi anayekwenda kuyatazama magari ya moshi na apite na bustanini pia. Pale makumbusho utaona chuma kilichomtajirisha. Bustanini utaona alichowaachia watu, na kuketi humo hakuna kodi.