Mathias Kalemba, Baba wa Nyumba Aliyemsikiliza Mungu



Ninyi mnaofanya kazi katika viwanda vya nguo vya EPZ hapa Athi River mnayajua maisha haya. Mume anarudi kutoka shifti ya usiku, mke yumo mlangoni anatoka. Mnaulizana habari ya kodi na karo, kisha mmoja analala. Mwisho wa juma inatangazwa ovataimu ya Jumapili. Fedha zinahitajika, na Misa nayo inawangoja. Je, mnaamua pamoja na Mungu, au mnamkumbuka tu mtoto akiugua?

Leo tumtazame Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba wa Uganda. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mume na baba.

Alizaliwa Busoga yapata mwaka 1836. Akiwa mtoto alitekwa pamoja na mama yake, akapelekwa Buganda, na huko akalelewa kama mwana wa nyumba. Kabla ya kufa, baba yake mlezi alimwambia kwamba siku moja watakuja watu wa kufundisha njia iliyo sawa. Kalemba aliliweka neno hilo moyoni. Walipokuja Waarabu, alishika Uislamu. Walipokuja Waprotestanti, alijifunza kwao. Mwaka 1880 alikwenda kwa Mapadre Weupe, na tarehe 28 Mei 1882 akabatizwa. Hakuwa kigeugeu. Kila alipoona mwanga aliufuata.

Tazameni sasa gharama yake. Alikuwa mtu wa cheo kwa chifu wa Ssingo, kule Mityana, mwenye wake wengi kama wakubwa wa siku zile. Ili abatizwe aliwaacha, akiwaandalia maisha, akabaki na mmoja, Kikuwa. Uongozi wa Mungu uliingia kwanza nyumbani mwake, katika ndoa yake. Tena, ingawa alikuwa mkubwa, hakuona haya kufanya kazi kwa mikono yake.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakarudi Julai 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na Misa wala padre wa kuuliza. Lakini imani ya Mityana haikufa. Kalemba na wenzake walisali, wakafundisha jirani zao. Mapadre waliporudi, Wakristo wa Mityana walitembea kwa miguu kilomita zipatazo 70 kwenda kwenye Misa.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga aliamuru Wakristo wauawe. Kalemba alikatwa viungo huko Kampala ya Kale, akaachwa peke yake, akafa baada ya siku tatu hivi. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 pamoja na wenzake 21, nasi tunawakumbuka kila tarehe 3 Juni.

Mwajifunza nini? Saa ile kubwa haikumkuta Kalemba hajajiandaa. Alikuwa amezoea kumfuata Mungu katika mambo ya nyumba, ya kazi na ya safari.

Basi, ovataimu ikitangazwa, msijibu kila mtu peke yake. Ketini kwanza, salini hata kwa dakika tano, halafu semezaneni: tunahitaji nini kweli, na tutapoteza nini? Kuna wasio na hiari, na Mungu anawajua. Hao watafute Misa ya saa nyingine, hata ile ya Jumamosi jioni, au wasali pamoja nyumbani, kama walivyofanya Wakristo wa Mityana. Na siku ya mshahara, kabla ya kuhesabu madeni, mume amwambie mke, na mke amwambie mume, ni wapi Mungu amewashika mkono mwezi huo. Anayeomba njia na asishukuru alipofika, kesho atadhani alijiongoza mwenyewe.

Mtakatifu Mathias Kalemba, uziombee ndoa zetu.