Sifa Zilizomponza Mgombea

Mtu anaposimama jukwaani kumsifu mgombea, maneno yake ni mali ya nani? Wengi hudhani kuwa ni mali ya msemaji peke yake. Maisha ya James G. Blaine, mwanasiasa wa Marekani aliyefariki mwaka 1893, yanatufundisha kwamba anayesifiwa naye hubeba mzigo wa sifa hizo.

Blaine alizaliwa tarehe 31 Januari, 1830, katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa Mprotestanti na mama yake Mkatoliki. Wazazi hao walikubaliana kwamba watoto wa kiume wafuate madhehebu ya baba, na wa kike ya mama. Hivyo tangu utotoni Blaine aliishi na imani mbili chini ya paa moja.

Baada ya kufundisha shule, mwaka 1854 alihamia jimbo la Maine akawa mhariri wa gazeti. Kutoka hapo aliingia katika siasa. Tangu mwaka 1869 hadi 1875 alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo, kisha akawa Seneta, na mwaka 1881 Waziri wa Mambo ya Nje. Alisifika kwa ufasaha wake. Hata hivyo, tangu mwaka 1876 aliandamwa na tuhuma za kujinufaisha kwa hati za kampuni ya reli, na doa hilo halikufutika.

Mwaka 1884 chama cha Republican kilimteua agombee urais dhidi ya Grover Cleveland wa chama cha Democratic, aliyekuwa Gavana wa New York. Jimbo hilo ndilo lililoshika ufunguo wa ushindi. Wakatoliki wa asili ya Ireland, ambao kwa desturi walikipigia kura chama cha Democratic, safari hii baadhi yao walivutiwa na Blaine, kwa ajili ya dini ya mama yake na msimamo wake mkali dhidi ya Uingereza.

Tarehe 29 Oktoba, siku sita kabla ya uchaguzi, kundi la wachungaji wa Kiprotestanti lilimtembelea Blaine hotelini mjini New York ili kumuunga mkono. Msemaji wao, Mchungaji Samuel Burchard, alikifungamanisha chama cha wapinzani na mambo matatu: ulevi, dini ya Roma na uasi. Blaine alimjibu kwa hotuba ya shukrani, wala hakuyagusa maneno hayo. Wako wanaosema kwamba kwa uchovu wa safari hakuyasikia. Lakini wapinzani waliyasikia. Punde si punde maneno hayo yalichapishwa katika karatasi na kugawiwa kwa Wakatoliki. Blaine alipojitokeza siku tatu baadaye kueleza kwamba asingeweza kuidharau dini ya mama yake, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

New York ilimponyoka kwa kura zilizozidi 1,000 kwa uchache tu, katika jumla ya kura zaidi ya milioni 1, na urais ukaenda pamoja nayo. Ni kweli kwamba zilikuwapo sababu nyingine: tuhuma za reli, baadhi ya watu wa chama chake waliomhama, na karamu aliyoandaliwa na matajiri usiku wa siku ile ile. Lakini kwa pengo dogo kama hilo, kila kosa lilitosha kumwangusha.

Blaine alirudi katika Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1889 na kuitumikia hadi 1892. Alifariki tarehe 27 Januari, 1893, bila ya kuupata urais.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba maneno aliyoyaacha yapite yalimtusi mama aliyemzaa. Sisi wa visiwani, ambao katika ukoo mmoja hukutana watu wa vyama na mitaa mbalimbali, hatuna budi kulizingatia hilo. Kiongozi anayepokea uungaji mkono unaowatukana wananchi wenzake huwa ameupokea pamoja na matusi yake. Kuyakataa papo hapo, mbele ya wale wale wanaoshangilia, ni jambo gumu. Lakini kuyakataa baada ya siku tatu hakumsaidii mgombea, wala hakumponyi aliyetukanwa.