Studs Terkel, Mtu wa Kinasa Sauti

Wengi wetu tulilelewa na redio. Tuliijua kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo na salamu za wasikilizaji. Ni mara chache tulisikia watu wawili wakizungumza saa nzima bila haraka. Kwa hiyo nimeona niwaandikie wenzangu, na hasa ninyi vijana mlioko madarasani, habari za hayati Studs Terkel wa Chicago, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 45.

Jina lake la kuzaliwa ni Louis. Alizaliwa New York tarehe 16 Mei, 1912, mtoto wa fundi cherehani Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Angali mdogo wazazi wake walihamia Chicago, wakawa wanapangisha vyumba na baadaye wakaendesha hoteli ndogo. Pale ukumbini walikaa wafanyakazi wa reli, mafundi, wanachama wa vyama vya wafanyakazi na wale waliovichukia vyama hivyo, wakibishana, na mtoto akisikiliza. Nadhani chuo chake cha kweli kilikuwa hapo. Mwaka 1934 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago, lakini hakupata kuwa wakili hata siku moja. Alijaribu ukarani wa serikali huko Washington, akihesabu hati za dhamana, akaacha upesi. (Mimi mangimeza wa siku nyingi simlaumu.) Akaingia katika michezo ya redio, ambako mara nyingi alipewa nafasi ya jambazi. Jina la Studs alipachikwa wakati wa uigizaji, likitokana na Studs Lonigan, mhusika wa riwaya za James T. Farrell.

Mwaka 1949 alipata kipindi chake cha televisheni. Hakikudumu. Hizo zilikuwa zama za kuwasaka wakomunisti, na Terkel alikuwa ametia sahihi maombi ya kupinga ubaguzi wa rangi na kodi ya kichwa iliyowazuia watu weusi wa majimbo ya kusini kupiga kura. Aliambiwa njia ya kujiokoa ni rahisi: aseme tu kwamba alidanganywa, hakujua anachotia sahihi. Alikataa, kwa sababu alijua vema. Kipindi kikafa, na milango mingi ikafungwa.

Sisi tunaofanya kazi za faili tunajua uzito wa sahihi, na tunajua pia jinsi ilivyo rahisi kuikana pindi mkubwa anapouliza. Ndiyo maana kisa cha mwaka 1954 kinanigusa. Shirika la CBS lilimpa Bibi Mahalia Jackson, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za injili, kipindi cha redio, na Terkel akawa mwenzake katika kukiendesha. Kwa maelezo ya Terkel mwenyewe, alikuja mtu wa shirika na karatasi ya kiapo cha utii ili aitie sahihi. Terkel akakataa. Bibi Mahalia akamwarifu mjumbe yule kwamba Terkel akifukuzwa, na wamtafute Mahalia mwingine. Kipindi kikaendelea, karatasi ikabaki tupu.

Wakati huo alikwisha pata mahali pake. Tangu 1952 hadi 1997 alikuwa WFMT, kituo cha Chicago kilichojulikana zaidi kwa muziki wa Kizungu wa kale. Aliwahoji Simone de Beauvoir, Bertrand Russell, Martin Luther King, Nadine Gordimer na Miriam Makeba. Mgeni akiwa mwandishi, Terkel alikisoma kitabu chote kabla, akipiga mistari na kujaza pembeni maandishi yake. Mwaka 1961 alipomkaribisha James Baldwin hakuanza na swali. Alipiga sahani ya Bessie Smith, kwa kuwa alikuwa amesoma jinsi Baldwin, akiwa mbali huko Uswisi, alivyosaidiwa na sahani za mwimbaji huyo kuikumbuka lugha ya utotoni mwake. Baada ya hapo mazungumzo yalijiendea yenyewe.

Mwaka 1963 alipanda treni na waandamanaji kutoka Chicago kwenda Washington, kinasa sauti mkononi, akiwahoji makabwela kwa heshima ileile. Kutokana na mazoea hayo vilitoka vitabu vyake, kikiwemo kile cha 1974 kuhusu watu na kazi zao, na kile cha vita kuu ya pili kilichompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1985.

Kasoro alikuwa nazo. Alipenda kusema, na mara nyingine swali lake lilikuwa refu kuliko jibu. Hakujua kuendesha gari, na hicho kinasa sauti kilimshinda mara nyingi hata akapoteza mazungumzo ya watu wakubwa. Hata hivyo aliona kuwa mtu anayehojiwa, akimwona mwenye mashine anahangaika, hulegea na kumsaidia. Alipenda kusimulia habari za mama mmoja maskini aliyesikilizishwa sauti yake, akashangaa kugundua kwamba mawazo yale yalikuwa yake.

Terkel alifariki nyumbani kwake Chicago tarehe 31 Oktoba, 2008, akiwa na umri wa miaka 96. Kanda zake, za vipindi zaidi ya 5,000, alikwisha zikabidhi kwa jumba la makumbusho ya historia la mji huo, na tangu 2018 nyingi zinasikika bure kwenye intaneti. Ile ya Baldwin imo, pamoja na sahani ya Bessie Smith mwanzoni.