Safari ya Daktari Banda

Kila matokeo ya mtihani yatokapo hapa Kwale, wanafunzi wangu huniuliza iwapo utabibu wausomee nyumbani au ughaibuni. Nami huwasimulia maisha ya Kamuzu Banda.

Nyasaland ya ujana wake haikuwa na chuo cha udaktari. Alihitimu katika Chuo cha Meharry, Marekani, mwaka 1937. Uingereza haikuitambua shahada hiyo. Akarudi darasani Edinburgh, akafuzu 1941. Akawatibu Waingereza, kisha wagonjwa wa Kumasi. Aliporejea kwao mwaka 1958, alirejea kuongoza siasa. Malawi ilipata chuo chake cha udaktari mwaka 1991.

Sisi tunacho Nairobi tangu 1967. Basi, mwanafunzi, kabla ya kufunga safari jiulize: shahada hiyo itatambuliwa nyumbani? Na mgonjwa wa Msambweni atakuona lini?