Martin Luther na Maungamo ya Dhambi

Wako Wakristo wengi wenye huzuni moja: dhambi waliyoiungama mwaka jana wameirudia mwaka huu. Hudhani kwamba toba yao ilikuwa ya uongo, nao waona haya kwenda tena kwa mchungaji. Kwa ajili ya hao twataka kusimulia habari za Martin Luther. Jina lake twalichukua sote, lakini taabu yake wachache waijua.

Luther alizaliwa Eisleben, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, mtu wa machimbo ya shaba, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Lakini tarehe 2 Julai 1505 kijana huyu alipokuwa njiani, radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu ya mauti akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baada ya siku 15 akaingia nyumba ya watawa wa Augustino mjini Erfurt.

Huko alifunga, akakesha, akasali. Naye aliungama mara nyingi sana. Sheria ya Kanisa siku zile ilimtaka mtu ataje kila dhambi kubwa aliyoikumbuka. Basi Luther aliichunguza nafsi yake kama mtu atafutaye sarafu gizani, na yasimuliwa kwamba safari moja aliungama muda wa saa 6. Lakini alipokwisha kuondoka, alikumbuka jambo alilolisahau, au wazo baya lilimrudia, akaona kazi yote ni bure. Kwani ni nani awezaye kuzikumbuka dhambi zake zote? Kadiri alivyozihesabu, ndivyo alivyozidi kumwogopa Mungu, hata akamchukia moyoni.

Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alimsikiliza kwa uvumilivu. Alimwonya aache kuhesabu vijikosa, ayatazame majeraha ya Kristo. Tena akamsukuma afundishe Maandiko, na mwaka 1512 Luther akawa daktari wa Maandiko huko Wittenberg. Alifundisha Zaburi, kisha Waraka kwa Warumi, na katika kazi hiyo akafunguliwa macho: haki ya Mungu si fimbo ya kumpigia mwenye dhambi tu, bali ni kipawa apewacho bure kwa imani.

Je, baada ya hayo aliyatupa maungamo? La, hakuyatupa. Katika neno la kwanza la zile hoja 95 za mwaka 1517 alifundisha kwamba maisha yote ya Mkristo ni toba. Machi 1522, watu wa Wittenberg walipotaka kugeuza mambo mengi kwa haraka, aliwahubiri siku 8 mfululizo. Siku ya mwisho alisema juu ya maungamo: mtu asilazimishwe, lakini yeye mwenyewe hataki kunyang'anywa faraja hiyo, kwani pasipo hiyo shetani angalikwisha kumshinda. Akaendelea kuungama kwa mchungaji wake, Johannes Bugenhagen. Na Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kuziungama dhambi, na kupokea ondoleo kama litokalo kwa Mungu mwenyewe. Luther wa Erfurt aliitegemea ile ya kwanza; Luther wa Wittenberg aliishika ile ya pili.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Hasira haikumwacha, na huzuni ya roho ilimrudia mara kwa mara. Mwaka 1543 aliandika maneno maovu juu ya Wayahudi, ambayo makanisa ya Kilutheri yameyakataa waziwazi. Kumbe mtu aweza kupigana na dhambi aionayo, asiione iliyo kubwa zaidi! Alikufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546, na katika karatasi yake ya mwisho alijihesabu kuwa mwombaji tu.

Basi, ndugu uliyeanguka tena, usikae gizani. Atakaye kuistarehesha dhambi yake ajihadhari. Lakini apiganaye nayo, akishindwa leo, aje leo. Dhambi hupata nguvu ikifichwa, hupungukiwa nguvu ikitajwa mbele ya Kristo. Nanyi waalimu, mjapo kumsikia mtu akiungama jambo lile lile mara ya saba, msichoke. Staupitz hakuchoka, na Mungu hachoki.